Sakafu ya Mbao za Tabaka na Maji ya Ndoo

Mwaka juzi tulipokea barua ya binti mmoja tuliyemfundisha zamani, kabla hatujaja hapa chuoni kufundisha walimu. Alipomaliza shule ya msingi alikwenda mjini kufanya kazi za nyumbani katika nyumba ya watu. Barua ilianza kwa shikamoo na salamu za wazazi, kisha akatueleza shida yake. Nyumba ile ilikuwa na sakafu ya mbao, naye hajapata kuiona sakafu ya namna hiyo tangu azaliwe. Siku ya kwanza aliamka alfajiri, akateka maji ndoo mbili, akayamwaga ukumbini, akasugua kwa ufagio wa chelewa na sabuni ya unga, akakausha kwa tambara, kama mama yake alivyomzoeza kuosha sakafu ya saruji. Akafanya hivyo kila siku. Mwezi haujatimia, kingo za mbao zikaanza kunyanyuka, na karibu na mlango wa jikoni ngozi ya juu ya ubao ikabanduka. Mama mwenye nyumba akamkata mshahara wa miezi miwili. Mwishoni mwa barua aliuliza: "Mwalimu, nilikosea wapi, nami sikuacha kusafisha hata siku moja?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuyatunge mazungumzo haya. Binti yule hakuwa mvivu wala mchafu. Alikuwa hodari katika elimu ya saruji, akaitumia elimu ile ile kwa mbao, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba vitu hivi viwili havifanani. Na leo vijana wengi watokao vijijini huingia kufanya kazi katika nyumba, hoteli na ofisi zenye sakafu za mbao za tabaka. Tungeweza kuwapa orodha ya makatazo wakaikariri. Lakini twaona ni afadhali kueleza kwanza sakafu hii imeundwaje, maana ajuaye jinsi kitu kilivyoundwa aweza kukata shauri mwenyewe hata pale ambapo hakuna wa kumwuliza.

Tuanze na jembe. Kila mkulima ajua kwamba wakati wa kiangazi mpini hulegea, na kichwa cha jembe chaweza kuchomoka ukalima hewa. Mkulima hafanyi ila kulitia jembe katika maji usiku kucha, na asubuhi hukuta mpini umekaza sawasawa. Kadhalika mlango uliofungika vema mwezi wa Februari, masika yakiingia hukwama, nasi huupiga teke, tukamlaumu seremala. Seremala hana kosa. Mti ni mkusanyiko wa mirija midogo mno isiyoonekana kwa macho, iliyolala kufuata urefu wa shina. Kuta za mirija hiyo hunywa maji zikavimba, na hewa ikikauka huyatoa zikasinyaa. Hata mti uliokatwa miaka mia iliyopita hauachi tabia hiyo.

Tena angalieni jambo jingine katika mpini ule. Ulipolowa uliongezeka unene, lakini hamjapata kuona umeongezeka urefu. Ndivyo ilivyo. Ubao mbichi ukikauka hupungua upana kwa sehemu kadhaa katika mia, hali urefu wake hupungua kama sehemu moja au mbili tu katika elfu. Kwa maneno mengine, mbao hucheza kwa upana, wala hazichezi sana kwa urefu. Jambo hili dogo ndilo asili ya sakafu tunayoieleza.

Zamani sakafu ya mbao ilikuwa ya mbao nzima, yaani kila kipande ni mti mmoja toka juu hata chini. Huko Nairobi ziko nyumba za zamani zenye sakafu ya vipande vidogo vya muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri, navyo vimekanyagwa miaka mingi bila kuchoka. Lakini mti mgumu hukua polepole, bei yake ni kubwa, na ubao mzima ukiwa mpana hucheza sana. Hupasuka, hupinda, huacha nyufa. Basi mafundi wakatafuta njia ya kuushika. Mwaka 1941 Gustaf Kähr wa mji wa Nybro, katika nchi ya Uswidi, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa ubao wa sakafu uliofanywa kwa tabaka zilizogandishwa pamoja. Siri yake ni hii: nyuzi za tabaka moja huelekea upande huu, na nyuzi za tabaka la pili hukingama juu yake. Tabaka la juu likitaka kutanuka kwa upana, lile la chini, ambalo urefu wake umelala upande huo huo, hulizuia. Kila moja ni mlinzi wa mwenzake. Ndivyo na plaiwudi inavyofanywa, na mwenye kutaka kuufahamu ugumu wake ajaribu kuvunja kipande cha plaiwudi kwa mkono.

Ubao wa namna hiyo aghalabu una unene wa milimita 14 au 15. Lakini mti wenyewe wa thamani, ule unaouona na kuusifu, uko juu tu. Katika mbao nzuri ngozi hiyo ina unene wa milimita 3 au 4, kama sarafu mbili zilizowekwa pamoja. Katika mbao za bei rahisi haifiki hata milimita 1. Chini yake kuna mbao laini au plaiwudi, na katikati ya tabaka kuna gundi. Twaomba neno hili likumbukwe, kwa sababu kila tutakalolisema tangu sasa latoka katika mambo mawili: wembamba wa ngozi ile, na gundi iliyo chini yake.

Iko sakafu nyingine inayofanana na hii kwa macho, nayo si mti juu bali ni picha ya mti iliyochapwa katika karatasi, ikafunikwa kwa kitu kigumu kinachong'aa, na chini yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Ukitazama ubavu wa kipande kilichobaki baada ya kazi ya fundi utaitambua. Hiyo nayo haipendi maji, wala haiwezi kupigwa msasa kabisa. Lakini si habari yetu ya leo.

Sasa twaweza kumjibu binti yule. Sakafu ya saruji iliyotengenezwa vizuri ni kama jiwe moja. Maji yakimwagwa hukaa juu, ukayasukuma nje, basi. Lakini sakafu ya tabaka ni mamia ya mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na kati ya ubao na ubao pana kiungo chembamba kama unywele. Juu ya ubao fundi amepaka vanishi au mafuta ya kuukinga, lakini katika kiungo kinga hiyo ni hafifu sana. Maji ya ndoo hayakai yakingojea tambara. Huteremka katika viungo, yakafika tumboni mwa ubao ambako hakuna vanishi. Huko chini hayaoni jua wala upepo. Upande wa chini huvimba kuliko wa juu, kingo zikanyanyuka, na kila ubao ukawa na shimo katikati kama kisahani. Maji yakirudiwa kila siku, gundi nayo hushindwa, na ngozi hubanduka. Juu ya hayo alikausha vizuri kwa tambara. Lakini alikausha yale aliyoyaona.

Basi sakafu hii husafishwaje? Kazi kubwa ni kuondoa mchanga, wala si kuosha. Watu wengi hawauogopi mchanga kwa kuwa ni mkavu. Lakini chembe zake ni ngumu kuliko mti na kuliko vanishi, na kila mguu unaozikanyaga huzisukuma zikakwaruza. Mchanga chini ya kiatu ni msasa hasa. Kwa hiyo fagia kila siku kwa ufagio laini wa nywele au wa nyuzi. Ufagio wa chelewa uache uwanjani. Mwenye mashine ya kuvuta vumbi na aitumie, ila aweke kichwa chenye brashi laini, wala si kile chenye meno yanayozunguka kwa nguvu, kilichofanywa kwa mazulia. Weka mkeka wa kukung'utia miguu nje ya mlango, na mwingine ndani. Jihadhari na mkeka wenye mpira chini yake. Mipira mingine huacha doa katika vanishi lisilotoka. Na desturi ya watu wa pwani ya kuvua viatu mlangoni, ambayo wageni wengine huiona ni usumbufu, yazishinda dawa zote zinazouzwa dukani.

Vumbi likiisha kuondolewa, sakafu yaweza kufutwa kwa unyevu, mara moja kwa juma au kadiri ya uchafu. Tumesema unyevu, hatukusema maji. Chukua tambara laini la pamba, litie katika maji, likamue kwa mikono miwili mpaka lisidondoshe hata tone. Kisha futa kwa kufuata urefu wa mbao, sehemu ndogo ndogo. Kipimo chetu ni hiki: nyuma ya tambara unyevu uwe umekauka wenyewe katika dakika moja au mbili. Ukigeuka nyuma ukaona bado sakafu inang'aa kwa maji, tambara lako limelowa mno; likamue tena. Ndoo na ikae juu ya kitu kisichopitisha maji, au ibaki nje ya chumba, maana ndoo iliyopinduka kwa bahati mbaya huharibu zaidi kuliko uchafu wa mwaka mzima.

Katika habari ya sabuni, kidogo ni bora kuliko nyingi. Iko sabuni iliyofanywa kwa ajili ya sakafu za mbao, isiyo na ukali wa magadi wala wa tindikali, nayo hutiwa kidogo kama chupa yake inavyoagiza. Sabuni ya unga ya kufulia huacha utando. Utando hushika vumbi, na sakafu ikawa ya kijivu, kisha mtu akadhani haijasafishwa akaongeza sabuni. Siki imesifiwa sana na watu, lakini ni tindikali, na kuirudia rudia hufifiza mng'ao wa vanishi. Amonia na dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe hushambulia vanishi na rangi ya mti wenyewe. Kisha kuna mashine mpya za kusafishia kwa mvuke, ambazo wenye kuziuza husema zafaa kila sakafu. Sisi hatukubali. Mvuke ni maji na moto kwa pamoja, tena husukumwa kwa nguvu katika viungo; na gundi haiwapendi wote wawili.

Halafu kuna nta nyekundu ipakwayo katika sakafu za saruji, ambayo wengi wetu tulisugulia madarasa tukiwa watoto, tukateleza juu yake kwa furaha. Isipakwe katika mbao zenye vanishi. Nta hulala juu tu, hufanya utelezi, huziba uchafu chini yake. Na siku ambapo fundi atataka kupaka vanishi mpya, haitashika.

Hapa twapaswa kueleza tofauti ya vanishi na mafuta, maana utunzaji wake si mmoja. Vanishi ni utando mgumu ulio juu ya mti, kama kioo chembamba. Mafuta huingia ndani ya mti wenyewe, nao huonekana mkavu zaidi na wenye joto la asili. Sakafu ya vanishi haitaki kuongezwa kitu mpaka utando utakapochakaa baada ya miaka. Sakafu ya mafuta yataka kulishwa mafuta tena kila yanapopungua, hasa mahali pa kupita watu wengi. Jaribio la kupima ulinzi ni rahisi. Chagua mahali pasipoonekana sana, dondosha tone moja la maji, ungoje dakika chache. Tone likikaa limeviringika kama umande juu ya jani la mgomba, ulinzi uko. Likitanuka na mti ukawa mweusi chini yake, mti umeanza kunywa, na wakati wa kumwita fundi umewadia. Futa tone lako kabla hujaondoka.

Kwa wale wenye sakafu ya mafuta tuna onyo, nalo si la kuhifadhi sakafu bali la kuhifadhi nyumba na roho za watu. Mafuta mengi ya mbao yana mafuta ya kitani ndani yake. Hayo hayakauki kama maji yanavyokauka kwa kuruka hewani. Hukauka kwa kushikamana na oksijeni ya hewa, na katika kushikamana huko hutoa joto. Yakiwa yametandazwa juu ya sakafu joto hutawanyika, wala hulijui. Lakini matambara yaliyotumika kupakia, yakifinyangwa na kutupwa pembeni au ndani ya pipa la taka, joto lake hukosa njia ya kutoka. Mwajua jinsi chungu ya samadi ifukavyo mvuke asubuhi ya baridi, kwa kuwa joto lililozaliwa ndani limefungiwa. Matambara ya mafuta hupita hapo: huzidi kuwa moto saa baada ya saa, hata yakawaka yenyewe, bila kiberiti, bila mtu chumbani. Kwa hiyo mara kazi iishapo, yatandaze moja moja nje juu ya kamba au juu ya mawe, mbali na nyumba, mpaka yawe makavu na magumu. Au yatie katika kopo la bati lenye maji na kifuniko. Usiseme utayakusanya kesho. Fundi akija kupaka mafuta, mwulize kabla hajaondoka ameyaweka wapi matambara yake.

Ajali za maji hazikosekani. Mtoto humwaga kikombe, bomba hupasuka, dirisha husahauliwa wazi mvua ikinyesha. Futa mara moja, fungua madirisha hewa ikianza kukauka, weka pangaboi ikiwa ipo. Usiweke jiko la makaa juu ya mahali pale, maana joto la ghafula hupasua, na moshi wake ndani ya nyumba ni hatari ya mauti. Kingo zikiwa zimenyanyuka, usikubali fundi mwenye haraka azikwangue siku ile ile. Ubao uliovimba waweza kurudi chini wenyewe ukikauka, pengine baada ya majuma mengi. Ukizipiga msasa kingo zikiwa juu, siku mbao zitakapokauka kingo zitashuka chini ya usawa, na katikati patakuwa na kigongo; nawe umekwisha kutoa sehemu ya ile ngozi ya sarafu mbili.

Na ngozi hiyo haina akiba kubwa. Yenye milimita 4 yaweza kupigwa msasa mara mbili au tatu katika uhai wake ikiwa fundi ana mkono mwepesi. Ya milimita 2 pengine mara moja. Ya chini ya hapo isiguswe. Ndiyo sababu twasisitiza mchanga na viatu kuliko tunavyosisitiza dawa. Chini ya miguu ya viti na meza bandika vipande vya sufu iliyoshindiliwa, uvitazame mara kwa mara, maana hujaa mchanga navyo vikageuka kuwa adui. Kabati usilivute, liinueni watu wawili. Jua la dirishani nalo hubadilisha rangi ya mti, kwa hiyo sogeza mkeka mara kwa mara, usije ukauondoa baada ya miaka mitatu ukakuta umbo lake limechorwa sakafuni.

Kwa watu wa pwani tuna neno mbali. Watengenezaji wengi hutaka hewa ya chumba iwe na unyevu kati ya asilimia 30 na 60. Mombasa na Dar es Salaam hewa huzidi kiasi hicho siku nyingi za mwaka, na kwa hiyo sakafu huko huishi katika hali ya kuvimba kidogo. Hapo mtazame sana ule mwanya ambao fundi huuacha ukutani, kama upana wa kidole chembamba, akaufunika kwa ubao mdogo. Wako watu wauonao wakadhani fundi amepunja kazi, wakauziba kwa saruji. Mbao zikitanuka zikakosa mahali pa kwenda, huinuka katikati ya chumba kama hema.

Mambo haya tulimwandikia binti yule, kwa maneno machache zaidi. Tulimwandikia pia kwamba kwa maoni yetu kosa kubwa lilikuwa la mwenye nyumba, aliyempa mgeni kitu cha thamani akitunze pasipo kumwonyesha hata mara moja. Na kwamba hapa Kenya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 huruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipoiharibu kwa kusudi. Kumwaga maji kwa bidii ya kusafisha si kusudi la kuharibu. Enyi wenye nyumba, chukueni robo saa siku ya kwanza, mkamue tambara mbele ya kijana wenu akiona kwa macho yake.

Yeye sasa yuko katika nyumba nyingine. Katika barua yake ya pili alituambia kwamba siku ya kwanza huko, kabla ya kugusa ndoo, alimwomba mama wa nyumba ruhusa, akapiga magoti nyuma ya kochi, akadondosha tone moja la maji na kuketi kulitazama. Na mama yule akaja akaketi kando yake, kwa kuwa naye hakuwa akijua. Mshahara wa ile miezi miwili bado hajarudishiwa.